Tumekuja Kuhani

Nilipomwambia ami kwenye simu kwamba Jumamosi tunakwenda kuhani, aliniuliza papo hapo: “Kafa nani?”

“Hajafa mtu, ami. Twenda kuuhani ufuo.”

Kikapita kimya kirefu. Ami ni mvuvi wa Pangani aliyestaafu, kama mvuvi hustaafu. Kwa kweli hukaa nyumbani mpaka mashua ya mwenzake ipungukiwe mtu. Nilijua anapima kama mtoto wa nduguye, baada ya miaka yote hii Marekani, akili bado anazo.

“Ufuo,” akarudia. “Haya. Basi msiende mikono mitupu.”

Kwetu kuhani ni kazi yenye adabu zake (nasema kuhani kitenzi, si yule kuhani wa Agano la Kale). Unaingia kwa sauti ya chini, unasema “Makiwa,” unajibiwa “Tunayo.” Unakaa mkekani kidogo. Huulizi sana, wala huzungushi macho kuhesabu vilivyopungua nyumbani mwa watu. Ulichobeba unakitia mkononi mwa mtu, hutangazi.

Deni la kuuhani ufuo ule lilitokana na Septemba 2022. Mimi na mke wangu tunaishi Tampa, katika jimbo la Florida, na kimbunga Ian kilikuwa chetu. Siku kadhaa ramani za televisheni zilikionyesha kikija moja kwa moja kwenye ghuba yetu. Tukapigilia mbao madirishani, tukapakia gari, tukahamia bara kwa rafiki. Kisha kikakata kona. Alasiri ya tarehe 28 kikatua Cayo Costa, kisiwa kidogo kilicho kusini yetu kama kilomita 140, kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa. Kwetu Tampa kilifanya kioja tu: upepo uliyasukuma maji ya ghuba kwenda nje, kukawa na kupwa ambako hakumo katika kalenda yoyote, watu wakatembea topeni mahali ambapo jana yake zilipita mashua. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa kimbunga hichohicho, bahari ilipanda Fort Myers Beach mita tatu hadi nne na nusu, ikaingia majumbani. Florida ilizika watu zaidi ya mia moja. Sisi tulikuwa na picha za tope.

Ulimi husema alhamdulillahi kwa balaa iliyotoka mlangoni pako ikabisha kwa jirani. Unaisema, kisha huna raha nayo.

Tulikwenda Machi 2023, miezi sita baadaye. Mke wangu alikuwa amekesha akikaanga maandazi, akayatia kwenye bakuli kubwa lenye mfuniko.

Fort Myers Beach ni mji mzima, umekaa juu ya kisiwa chembamba cha Estero, bahari huku na ghuba kule. Gati la watembezi lilikuwa limebaki nguzo, zimejipanga kwenda baharini bila cha kubeba. Mashua kubwa za kuvulia kamba, zilizotupwa nchi kavu zikalaliana ubavu kwa ubavu, nyingi zilikuwa zimekwisha kunyanyuliwa na kreni na kurudishwa majini. Tulipokanyaga mchanga tukaanza kukohoa, sote wawili, wala hatukuwa na mafua. Wenyeji wanayaita maji mekundu: vijimea vya baharini, Karenia brevis, vinapofurika hutoa sumu, na mawimbi yakivipasua sumu hiyo hupaa na upepo hadi kooni mwako. Si Ian aliyeyaanzisha. Pwani ile imeyajua tangu zamani. Ila mwaka ule yalifuata nyuma ya kimbunga na yakakataa kuondoka, na samaki waliokufa walikuwa wamepangwa na maji kwa mstari mrefu, macho wazi. Msibani watu hulia. Pale tulikohoa.

Mtaa wa pili kutoka ufuoni kulikuwa na nyumba iliyobaki sakafu ya zege na ngazi tatu zinazopanda kwenda pasipo na kitu. Juu ya sakafu, kiti cha plastiki. Juu ya kiti, mzee mwenye kofia anayechekecha mchanga. Chekeche alilitengeneza mwenyewe kwa fremu ya mbao na wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Anachota kwa kopo, anamwaga, anatikisa, anainamia, anatupa, anachota tena. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya misumari na ndoo ya vioo, na juu ya taulo lililotandikwa vizuri, vijiko. Vilikuwa saba.

Nilitaka kumpa pole, na hapo nikakwama. Kiingereza hakina neno hilo. Kinalo lile la kuomba radhi, ambalo ndilo hilohilo hutumika msibani, na kila ninapolisema naona kama nakiri kwamba upepo niliuleta mimi. Mke wangu ana akili kunishinda. Alifunua bakuli.

Mzee akatazama. “Hizi donati,” akauliza, “nani kazisahau tundu?”

Akala tatu. Kati ya la pili na la tatu akatueleza kuhusu vijiko: vya mama yake, kumi na viwili, na kimoja hukipata kila baada ya wiki mbili hivi. Watu wengi hupita hapo, alisema, wanashusha kioo cha gari, wanapiga picha ya ngazi, wanapandisha kioo. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Kisha akachota kopo jingine akatuonyesha.

“Mchanga huu si wangu. Wangu umekwenda. Huu ni wa jirani.”

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Mchanga ule ulikuwa na kila sababu ya kuwa wa jirani, au wa mtaa wa tatu, au wa chini ya bahari. Kimbunga hakili mchanga, hukopa. Mawimbi makubwa huung'oa ufuoni na kuulaza chini ya maji, mbele kidogo ya pwani, ukawa fungu, na fungu hilo ndilo linaloyavunja mawimbi yanayofuata kabla hayajafika nchi kavu. Ufuo hujikinga kwa kujitandaza. Bahari ikishatulia, viwimbi vya siku za kawaida, vile ambavyo mtoto huvirukia, huanza kulipa deni: kidogo leo, kidogo kesho, kwa miezi, mahali pengine kwa miaka. Kuna ambao haurudi. Ule uliorushwa barabarani na uani mwa watu hurudi kwa koleo na malori, ukishachekechwa misumari. Na ule uliovushwa hadi upande wa ghuba umepotea kwa ufuo, ila si kwa kisiwa, maana visiwa vyembamba namna ile, vikiachwa vyenyewe, hivyo ndivyo vinavyotembea: mchanga huvuka kutoka mbele kwenda nyuma, na kisiwa kizima husogea taratibu kuelekea bara.

Mtu wa pwani yetu hahitaji darasa kwa hilo. Kusi huupeleka mchanga huku, kaskazi huurudisha kule, na mwenye kujenga banda la ngalawa hujua kuacha nafasi ya kaskazi hata anapojenga wakati wa kusi. Ni mwenye hoteli aliyefika juzi ndiye anayeita mmomonyoko kila kinachosogea, akajenga ukuta, na ukuta ukamalizia kuula ufuo uliobaki.

Kwa hiyo pale juu ya zege, huku nakohoa, niliona tumekosea nyumba. Ufuo haukufiwa. Ulikuwa safarini, kama kawaida yake. Mfiwa alikuwa kila kitu kilichopigiliwa msumari kikaambiwa kikae palepale.

Kutoka hapo tukavuka kwenda Sanibel, kisiwa cha jirani, kinachofikiwa kwa barabara ya baharini yenye madaraja na ushuru. Ian aliikata vipande. Ilirekebishwa kwa muda na kufunguliwa baada ya wiki tatu, jambo ambalo sisi tuliozoea kuona daraja likingojewa miaka tulilistahi kimyakimya. Unapovuka, kushoto unauona mnara wa taa wa mwaka 1884. Ni wa chuma, mguu mmoja kati ya minne ulikwenda na maji, nyumba za walinzi wake zikafagiwa, mnara ukabaki umesimama kwa miguu mitatu kama kuku anayefikiri, ukiacha hesabu. Tarehe 28 Februari 2023, miezi mitano kamili tangu kimbunga, ukawashwa tena. Ninaupenda zaidi kwa kisa chake cha mwanzo: meli iliyobeba vyuma vyake ilizama karibu kabisa na kisiwa, wapiga mbizi wakavitoa baharini kipande kwa kipande. Ulianza maisha yake kwa kuokotwa.

Watu wa Sanibel walijitenga mwaka 1974 wakaunda mji wao ili kuzuia maghorofa yasiwajie, na tofauti na Fort Myers Beach inaonekana mpaka leo. Lakini kwao pia bahari iliingia. Na kabla yao wote walikuwapo Wacalusa, wenyeji wa pwani ile, ambao hawakulima. Walikula vya baharini na makombe wakayarundika, kizazi baada ya kizazi, mpaka yakawa vilima. Kile cha Mound Key, nyuma tu ya kisiwa cha Estero, kinafika kama mita tisa. Wahispania walipofika mwaka 1566 walimkuta mfalme akikaa hapo, juu ya jalala la babu zake, na nafikiri hakuna mpangaji mji wa Florida aliyewahi kumzidi.

Ufuoni watu walikuwa wameinama kama wapandao mpunga. Sanibel imelala mashariki kwa magharibi, ikakinga mkono mbele ya mkondo, kwa hiyo makombe ya bahari huishia hapo kwa wingi, na baada ya dhoruba huwa mengi zaidi. Mke wangu akaokota moja la rangi ya chungwa, akaligeuza, ndani kulikuwa na mwenyewe, amejikunyata. Kisheria, tangu mwaka 1995, kombe lenye kiumbe hai haliondoki Sanibel. Akalirudisha majini. “Huondoki msibani na sahani ya watu,” akasema.

Mimi nilikuwa nimepata ndugu wawili. Wa kwanza alikuwa anatambaa juu ya mchanga mtupu, mahali ambapo miezi sita nyuma palikuwa na tuta: mmea ule wenye majani yaliyogawika mfano wa kwato ya mbuzi na maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi. Nilimkanyaga utotoni Pangani kila siku. Si anayefanana naye. Ni yeye mwenyewe, Ipomoea pes-caprae, na hata hilo jina la wataalamu maana yake ni mguu wa mbuzi. Mbegu zake huelea baharini masafa marefu bila kufa, kwa hiyo pwani za joto duniani zote ni mtaa wake mmoja. Hufika kabla ya magugu mengine, hushika mchanga kwa nyuzi, na mchanga unaorushwa na upepo hunasa kwake. Nyuma yake huja majani marefu yenye mashuke, ambayo Florida imekataza kwa sheria kuyachuma. Tuta la mchanga huanza hivyo, kwa kitu ambacho kandambili moja inatosha kukiua. Kama kuna jambo moja mgeni anaweza kuufanyia ufuo unaojirudisha, ni kupita penye njia.

Ndugu wa pili alikuwa mvinje, amelala ubavu, mizizi hewani. Nilimfurahia kama ufurahivyo kusikia “mambo vipi” katika kituo cha basi cha ugenini, nikamwambia hivyo mama mmoja aliyekuwa akifagia njia kwa kujitolea. Akakunja uso. Huko mvinje ni mvamizi. Uliletwa, ukatawala, mizizi yake ni ya juujuu, huziba mahali pa kasa kutagia, na upepo ukija ndio unaoangukia nyaya na barabara. Kimbunga Charley, Agosti 2004, kilichoingilia Cayo Costa hiyohiyo aliyoingilia Ian miaka kumi na minane baadaye, kiliangusha ile iliyotia kivuli barabara kuu ya Sanibel, na wengi hawakuilalamikia sana. Nilinyamaza. Kwetu mvinje ni kivuli cha wavuvi, ni mlingoti na kuni, na kuna kisiwa kizima ambacho wazee wanakikumbuka kwa mivinje yake. Nitakifikia.

Tulirudi Fort Myers Beach mara moja mwaka uliofuata, na zaidi ya vibao vya “Inauzwa” sina la kusimulia. Kanuni ni kwamba nyumba ikiharibika zaidi ya nusu ya thamani yake, huruhusiwi kuitengeneza ilivyokuwa. Lazima uipandishe juu ya nguzo kwa kipimo cha sasa. Ni kanuni ya busara. Pia ni kanuni ya wenye fedha. Nyumba ndogo za mbao za wastaafu hazipandi nguzo, huuzwa kiwanja.

Kisha ikaja zamu yetu. Tarehe 26 Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita mbali baharini kikielekea kaskazini mwa Florida, hakikugusa Tampa kwa jicho lake, lakini kilisukuma bahari ndani ya ghuba kwa kimo ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa humo. Sebuleni kwetu maji yalifika magotini. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 9 Oktoba, kikaja Milton kikatua Siesta Key, na mazulia tuliyokuwa tumeyatupa kando ya barabara yakarudi kutusalimia mlangoni. Jirani ambaye kwa miaka minne tulikuwa tunapungiana mikono tu alikuja na msumeno wa mashine begani, hakusema kitu, akaukata mti uliolala juu ya gari letu, akaenda zake. Kama hiyo si kuhani, sijui.

Ami alipiga simu usiku ule. Hakuuliza kilichotokea.

“Makiwa, mwanangu.”

“Tunayo, ami.”

Januari 2025 tulikwenda tena kusini. Mchanga ambao Helene na Milton waliumwaga juu ya barabara kuu ya Fort Myers Beach ulikuwa umekwisha kukokotwa, umechekechwa, umerudishwa ufuoni kwa malori. Maji yalikuwa ya kijani tulivu, hatukukohoa, watoto walikuwa wanachimba mashimo. Mtu asiyejua angesema ni ufuo ambao haujapata kuona baya. Kwenye ile sakafu ya zege hapakuwa na kiti wala ndoo, ngazi zilikuwa zimeondolewa, na pembeni palisimama kibao cha dalali. Vijiko vilifika vingapi, sijui. Mke wangu alikuwa amekuja na maandazi. Tukala wenyewe garini.

Jioni nikampigia ami kumsimulia, maana sasa alikuwa anafuatilia habari za ufuo ule kama za mkwe.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba. Mchanga umerudi?”

“Umerudi.”

“Mh.” Akakaa. “Wenu unarudi.”

Nilijua anakokwenda. Sisi vimbunga ni wageni adimu. Athari ya mzunguko wa dunia, inayovipa vimbunga msokoto wao, huwa dhaifu karibu na ikweta, na pwani yetu imejificha humo. Vilivyofika vinahesabika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultan Barghash bandarini na kulaza mashamba ya karafuu na minazi; Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Tarehe hiyohiyo, 15 Aprili, mwaka 1952, kingine kikaibomoa Lindi. Mei 4, 2024 Hidaya kikafika Mafia, mvua ikaikata barabara ya Lindi hapo Somanga. Ami huvitaja vyote hivyo kwa heshima, kama watu wazito waliopita mara moja. Lakini sivyo vilivyomchukulia chake.

Chake ni Maziwe. Kisiwa kidogo mbele ya Pangani, kwenye mwamba wa matumbawe, kilichokuwa na mivinje. Wavuvi walilala chini yake, na kasa walipanda kutaga kwa wingi kuliko mahali pengine popote tunapopajua pwani ya Tanzania. Hakikupigwa na kimbunga. Kilipungua. Mwaka huu mti mmoja wa pembeni, mwaka ujao miwili, mchanga unakwenda na hauishi safari. Wako wanaosema ni kwa sababu miti ilikatwa, wako wanaotaja bahari kupanda, wako wanaotaja mwamba uliochokonolewa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Na kwa kuwa hakikufa siku moja, hakuna aliyetangaza msiba, hakuna gazeti lililotuma mpiga picha, hakuna aliyekuja na bakuli.

Siku hizi ni fungu jeupe linalochomoza maji yakipwa, na watalii hupelekwa kupiga mbizi matumbaweni, na huambiwa ni pazuri, na kweli ni pazuri. Kasa bado wanapanda. Mayai yao huchimbuliwa na kuhamishiwa bara, Ushongo, kwa sababu maji yakijaa hufunika kila kitu.

“Ukija likizo nikupeleke,” ami akasema. “Lakini mkeo aje na yale maandazi.”

Tutakwenda Agosti. Nawe ukifika Pangani ukataka kukihani, waulize kwanza wavuvi saa ya maji kupwa, na usichelewe: Maziwe hukaa juu kwa saa chache tu.